Tundu Kwenye Pembe ya Kadi

Wiki niliyorudisha kompyuta ya ofisi pamoja na chaja yake, Neema aliniuliza swali nikalijibu vibaya. Neema ndiye anayetunza sasa ile maktaba ya programu niliyoitunza mimi mpaka nywele zikanitoka. Kwa wale walioingia juzi, kazi ya maktaba hiyo ni ndogo na haina sifa. Inapokea maandishi ya watu wa lugha zote na kuyanyoosha, ili jina lililoandikwa kwa namna mbili litambulike kuwa ni jina moja. Herufi yenye alama juu au chini yake, kwa mfano, kompyuta inaweza kuitunza kama kitu kimoja, au kama vitu viwili, herufi na alama yake. Kwa jicho ni ile ile. Kwa mashine ni tofauti kama ng'ombe na kiatu, na anayetafuta kwa namna ya kwanza hapati kilichoandikwa kwa namna ya pili. Programu za watu wengine zinaazima maktaba yetu ili zisihangaike na jambo hilo.

Neema aliuliza, "Mzee, kwa nini kila tukinyoosha neno tunatunza na lile la mwanzo? Linakula nafasi mara mbili. Nataka kulitoa."

"Usilitoe."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu nimesema."

Hilo si jibu la kumpa mtu mwenye akili, na nililiona usoni mwake. Jibu lenyewe ni refu na linaanzia Babati, miaka ya themanini mwanzoni, wakati sijawahi kuona kompyuta hata kwenye picha. Naliandika hapa ili lisomwe na wote wanaofanya kazi hii.

Niliacha shule darasa la sita. Watu hupenda kusikia kwamba ni umaskini, lakini ilikuwa redio ya mwalimu. Ilikuwa imenyamaza nami nilitaka kuona ndani. Nilipomsikia mwalimu akirudi, vipande vyake vilikuwa vimeenea meza nzima, nikatoka kwa kupitia dirishani na sikurudi hata kuchukua daftari. Tangu hapo nilikuwa mtu wa njiani. Nilipata kazi ya utingo kwenye lori la mahindi kutoka kwetu Kondoa, na lori hilo likavunjika springi Babati. Dereva alisema tusubiri siku mbili springi ije kutoka Arusha. Springi haikuja mwaka ule.

Vijana mnaosoma hapa hamuijui miaka hiyo, kwa hiyo niseme kidogo tu. Sabuni ilikuwa habari. Mtu akisema imeonekana dukani, watu waliacha chungu motoni. Chai tulikunywa bila sukari mpaka ulimi ukasahau. Matairi hayakuwepo, mafuta ya taa hayakuwepo, na karatasi haikuwepo. Hii ya karatasi iwekeni akilini.

Nilifyatua matofali Nangara, nikapalilia vitunguu vya mtu Nakwa, nikaziba pancha za baiskeli. Sikukaa kwenye kazi yoyote zaidi ya miezi mitatu. Siku moja nikakanyaga msumari, nikachechemea hadi kituo kimoja cha afya pale mjini. Kwenye dirisha la kuandikisha alikaa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, anapiga taipureta kwa ngumi.

"Shikamoo, mama. Ukiipiga hivyo itakufa."

"Marahaba. Wewe ni fundi au mgonjwa?"

"Leo ni mgonjwa."

"Basi kaa kwenye foleni kama wagonjwa wenzako."

Nilikaa. Nilipofika dirishani nilimwambia chuma cha herufi moja kimepinda na kinazuia vingine, nami nina koleo mfukoni.

"Umesomea wapi?"

"Niliwahi kufungua moja Kondoa."

"Na ukaweza kuifunga?"

"Nilifunga. Ilibaki skrubu moja."

"Ikafanya kazi?"

"Ikafanya."

"Basi pita ndani," alisema. "Lakini mguu kwanza."

Huyo alikuwa Mama Elifuraha, Mwiraqw wa milima ya Mbulu, Mlutheri, karani wa masijala ya kituo kwa miaka isiyopungua kumi na tano. Ndiye mwalimu wangu wa pekee ambaye sikumkimbia.

Masijala ilikuwa chumba chenye dirisha moja, taipureta mbili na makabati ya mbao yenye droo kumi na mbili. Ndani ya droo kulikuwa na kadi za wagonjwa, maelfu, zimepangwa kwa majina. Mgonjwa alikuja dirishani na kusema jina lake. Sisi tulitafuta kadi, tukampelekea mganga. Zamani kila mgonjwa alipewa cheti cha namba aende nacho nyumbani, lakini vyeti vilikoma karatasi ilipokoma. Lilibaki jina peke yake.

Asubuhi yangu ya kwanza kama msaidizi wake nilitafuta kadi ya mzee mmoja kwa muda ambao ungetosha kuziba pancha nne. Nikashindwa. Mama Elifuraha alinyanyuka, akavuta droo tofauti kabisa, akaitoa.

"Hapa," alisema. "Huyu aliandikwa enzi za Sista."

Kumbe kadi zilikuwa za mikono mitatu. Sista, muuguzi wa kizungu wa zamani, alikuwa amejifunza Kiiraqw kwa bidii, na sauti zile za kooni aliziandika kwa herufi zenye nukta chini. Baada yake zilikuja taipureta. Moja ilikuwa na kitufe kilichopiga nukta bila karatasi kusogea, halafu ukapiga herufi juu yake. Nyingine haikuwa nacho. Ulipiga herufi, ukarudi nyuma hatua moja, ukapiga nukta. Ukitazama kadi mbili huoni tofauti, ila nukta ya pili ilikaa pembeni kidogo kama kofia ya mlevi. Kisha wakaja makarani wa shule, waliozoea Kiswahili, wakaacha nukta zote na kuandika kila walichosikia. Majina ya Wabarbaig kutoka upande wa Hanang nayo yaliandikwa kwa kubahatisha. Mtu mmoja aliweza kuwa na kadi tatu kwenye droo tatu, na kila moja ilijua theluthi ya maisha yake.

Miaka mingi baadaye, Arusha, nilipoanza kazi ya kompyuta, kijana mmoja msomi alinieleza kwa mshangao kwamba herufi ile ile inaweza kuwa imetengenezwa kwa njia mbili. Nilimwambia najua, niliitengeneza kwa vidole. Alidhani natania.

Kadi tatu kwa mtu mmoja si usumbufu tu. Mtu ambaye sindano ya penisilini ilikuwa nusura imuue, kadi yake ilitobolewa tundu kwenye pembe ya juu, likapitishwa uzi mwekundu uliofumuliwa kwenye sweta. Hata asiyesoma aliona. Lakini uzi ulikuwa kwenye kadi moja. Mgonjwa huyo akija tukatoa kadi yake nyingine, isiyo na uzi, nani angemzuia mganga? Mama Elifuraha aliniambia hivyo siku ya pili, kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akimenya ndizi. Tangu siku hiyo sikula vizuri saa za kazi.

Yeye alikuwa na njia yake. Hakuridhika na jina. Alimuuliza mgonjwa alikuja mara ya mwisho wakati wa mvua au wa jua, alilala kitanda cha dirishani au cha mlangoni, nani alimsindikiza. Wakati mgonjwa anajibu, yeye anatazama. Kisha anaandika pembeni mwa kadi, kwa penseli, maneno madogo: *jicho la kushoto linacheza. Anacheka kabla hajaongea. Mke wa yule wa pikipiki. Kovu la moto, kisigino.*

"Mama, haya ni ya kazi gani?" nilimuuliza.

"Ni ya kunikumbusha."

"Kukumbusha nini?"

"Kwamba ni mtu."

Mimi niliona ni umbea. Niseme ukweli: niliona ni uchafu kwenye kadi.

Baada ya kama mwaka hivi, Daktari alituamuru tuunganishe kadi. Kwa cheo alikuwa mganga msaidizi, lakini Babati nzima ilimwita Daktari, naye alifanya kazi ya madaktari watatu. Alitaka mtu mmoja awe na kadi moja. Mama Elifuraha alikubali, akasema tutaifanya pole pole, droo moja kwa mwezi, yeye akiwa amekaa karibu. Tulimaliza droo moja. Halafu akapata msiba kwao Mbulu, akaondoka kwa majuma matatu.

Aliniambia, "Andika wanaokuja. Ya zamani yaache mpaka nirudi."

Mimi ni mtu ambaye ukimwambia aache kitu kilivyo, mikono inamuwasha. Tena nilikuwa nimegundua njia. Toa nukta zote. Herufi ikiwa mbili mbili, andika moja. Mkwaju, yaani ule mstari wa mshazari ambao wengine waliuandika kwa sauti ya kooni, utupe. Kila jina likiwa limenyooshwa hivyo, yale yaliyofanana niliyaunganisha. Nilikuwa na furaha kama mtu aliyevumbua gurudumu. Niliandika kadi mpya safi, jina limenyooka, maradhi yote yamehamishwa kwa mpangilio, uzi mwekundu umefunguliwa kwenye ya zamani na kufungwa kwenye mpya. Maneno ya penseli sikuyahamisha.

Mnauliza kadi mpya zilitoka wapi, karatasi ikiwa haipo. Zilitoka kwenye zile za zamani. Upande wa nyuma ulikuwa mweupe. Nilizigeuza, nikaandika mgonjwa mwingine kwa nyuma. Zile zilizoandikwa zote kwa penseli, za miezi ambayo hata wino ulikosekana, nilizifuta kwa raba nikazitumia pande zote mbili. Nilijisifu kwa ubahili wangu. Majuma mawili na nusu droo kumi na moja zilikuwa zimekwisha, na ukitaja jina nilikutolea kadi kabla hujamaliza kukohoa. Daktari alikuja akasimama mlangoni, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akaanza kuniita Kadi, na mji ukafuata.

Siku nne kabla ya Mama Elifuraha kurudi, asubuhi, mvua ikiwa imenyesha siku tatu mfululizo, waliletwa watu kutoka Mutuka na mkokoteni wa ng'ombe. Ndani, juu ya majani, alilala mwanamke kijana aliyejifungua juma lililopita. Alikuwa na homa kali mpaka anaongea na watu wasiokuwepo. Alisindikizwa na mama mkwe wake, mama mrefu mwenye shuka lililolowa.

"Jina lake, bibi?"

"Martina. Martina Hayuma."

Nilimtolea kadi mara moja. Martina Hayuma, moja tu, safi. Kwenye pembe yake kulikuwa na uzi mwekundu.

Daktari aliutazama uzi huo kwa muda. Akaniita nje ya chumba cha wagonjwa.

"Kadi. Kizazi chake kimeingia wadudu. Kwenye kabati la dawa nina penisilini. Nyingine zote zimekwisha tangu mwezi uliopita. Sina kingine, unanielewa?"

"Tumpeleke hospitali kubwa?"

"Gari la kituo limepandishwa juu ya mawe halina matairi, na barabara umeiona. Nisipomchoma, kesho jioni hayupo. Nikimchoma na uzi huu ni wake, hata nusu saa hafiki. Humu umeandika kwamba dawa ya kujaribia tu ilimzimisha. Kwa hiyo hata kujaribu siwezi." Akanisogezea kadi. "Huu uzi ni wake?"

Nikafungua mdomo kusema ndiyo. Kisha nikasoma kile nilichokiandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri. Amejifungua mtoto wa tatu. Mstari unaofuata, wa tarehe ya baadaye: binti, hajaolewa, malaria. Nilikuwa nimeinakili mistari hiyo miwili mmoja chini ya mwingine bila kuhisi chochote.

"Nadhani ni watu wawili," nilisema.

"Unadhani."

"Ni wawili, Daktari. Mmoja alikuwa na herufi ya ziada na nukta kwenye jina la baba. Nilizitoa."

Hakupandisha sauti, na ningependa angepandisha. "Kabati lako limekuwa zuri sana," alisema. "Tatizo lake ni kwamba linasema uongo bila kusita. Uzi ni wa yupi?"

Nilimkimbilia mama mkwe. "Bibi, huyu amewahi kuchomwa sindano akazimia?"

"Mwanangu, sisi tumemwoa mwaka jana. Mambo ya kwao siyajui."

"Ndugu zake wako wapi?"

"Mama yake yuko Hanang, huko bondeni kwa wafugaji. Siku mbili kwa miguu, na mvua hii sijui."

"Alikaa wapi kabla ya kuolewa?"

"Alikuwa anafanya kazi kwa watu. Nakwa, nadhani. Au hapa mjini."

Kwenye kadi yangu kulikuwa na Nakwa na mjini vyote viwili, basi hata kijiji hakingenisaidia. Nilichohitaji ni kadi ya zamani ile yenye uzi, na kadi hiyo sikuwa nimeitupa. Ilikuwa ndani ya chumba kile kile. Ilikuwa mgongo wa kadi ya mtu mwingine, mtu yeyote, kwenye droo kumi na moja.

Nilianza droo ya kwanza. Ninatoa kadi, ninageuza, ninasoma mgongo, ninarudisha. Nilihesabu nilichofanya kwa muda wa kuchemsha chai, nikagawanya, nikaona nitamaliza keshokutwa. Wagonjwa walijaa dirishani wakinigongea. Mzee mmoja alisema kwa sauti, "Leo Kadi amepoteza kadi," na wenzake wakacheka, na kwa kweli kilikuwa kichekesho kizuri. Kutoka chumba cha pili niliweza kumsikia Martina akimwita mtu.

Nilikuwa droo ya pili nilipodondosha rundo zima. Nilipoinama kuokota, dole gumba langu likapita kwenye pembe ya kadi likakwama kidogo. Tundu.

Niliitazama. Ilikuwa kadi ya mtoto mwenye upele, haina uzi, haijawahi kuwa na sababu ya kuwa na uzi. Lakini ina tundu. Niliigeuza. Mgongoni kulikuwa na mzee wa Nangara, marehemu, ambaye penisilini ilimvimbisha.

Uzi nilikuwa nimeuhamisha. Tundu haliwezi kuhamishwa.

Sikuhitaji kusoma tena. Nilivuta droo mpaka mwisho, nikafumba macho na kupitisha kidole kwenye pembe za kadi, zote, mstari mmoja kwenda, mwingine kurudi, kwa kuwa zilizogeuzwa tundu lilihamia upande wa pili. Kila kidole kilipokwama, nilichomoa. Droo ya tatu, hakuna. Ya nne, mbili, si zenyewe. Ya sita, moja. Daktari alikuja mlangoni akasimama, akatazama saa yake, akaondoka. Akaja tena. Mara ya tatu alileta kiti, akakaa, akavuta droo ya kumi na moja, akaanza naye kupapasa kutokea mwisho.

Ilikuwa droo ya tisa. Mbele, kijana aliyeng'atwa na mbwa. Nyuma, mwandiko wa taipureta ya pili, nukta imekaa pembeni kama kofia ya mlevi: Martina Hhayuma. Sindano ya kujaribu, kuzimia, kuvimba uso. Na pembeni kwa penseli, mwandiko wa Mama Elifuraha: *mrefu kunipita. Dole gumba la kulia halina ukucha, lilibanwa na mlango.*

Tulikwenda wote wawili. Martina aliyelala kitandani alikuwa mfupi, lakini mtu akilala na homa nani anampima urefu? Daktari alifunua shuka na kuuchukua mkono wake wa kulia, akaukunjua taratibu kidole kimoja kimoja.

Ukucha ulikuwepo. Mzima, mpana, na udongo wa shamba chini yake.

"Lete sindano," Daktari alimwambia muuguzi. Akanigeukia. "Wewe kaa hapa."

Nilikaa. Hakuniambia kwa nini, lakini nilijua. Alichoma, akavua saa yake akaiweka kitandani, tukaitazama wote watatu, mimi, yeye na mama mkwe, ambaye hakujua tunatazama nini. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye mifumo ambayo ikianguka maelfu ya watu wanapiga simu. Sijawahi kuogopa tena kama nilivyoogopa katika nusu saa ile. Ilipokwisha, Martina alikuwa bado anahema kama mwanzo, haraka haraka lakini vile vile. Mama mkwe akauliza kama sasa anaweza kumpa uji.

Siku ya tatu alikaa mwenyewe kitandani. Siku ya nne alirudi Mama Elifuraha.

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alivua kitambaa cha msiba, akakikunja, akavuta droo moja na kutoa kadi mbili tatu, akazigeuza.

"Na yale ya penseli?"

"Zilizogeuzwa tu, yapo mgongoni. Zilizoandikwa zote kwa penseli, nilifuta."

"Ngapi?"

"Sijui, mama."

Alizirudisha kadi zile ndani ya droo. Kisha akaniuliza, "Ile taipureta ya Kondoa, iliyobaki skrubu moja. Uliwahi kurudi kuiangalia?"

"Hapana."

"Basi hujui kama ilifanya kazi," alisema. "Unajua tu kwamba ilifanya kazi siku uliyoondoka. Vuta kiti."

Ilituchukua miezi saba. Tulizirudisha kadi za zamani kila moja mahali pake, pamoja na nukta zake na makosa yake, na jina lililonyooshwa tukaliandika kwenye vipande vidogo vya maboksi ya dawa, viwe vya kutafutia tu. Kipande kilituonyesha wapi pa kutazama; kadi ndiyo iliyotuambia tunamtazama nani. Waliokuwa wameandikwa migongoni tuliwaandika upya kwenye maboksi vilevile. Ni hilo tu, Neema. Maktaba yote ya miaka yangu yote ni vipande vile vya boksi. Mimi ambaye sikumaliza miezi mitatu popote, nilikaa kwenye chumba kile miaka mitano.

Martina wa pili, yule mwenye uzi, wa Nakwa, alikuja mwezi uliofuata kwa ajili ya mtoto mwenye kikohozi. Nilimtambua kabla hajafika dirishani kwa urefu wake. Nilimwomba anionyeshe dole gumba la kulia.

"Mama huyo mnene naye aliniomba hivyo hivyo," alisema. "Nyie watu wa hapa mnataka kuninunulia pete?"

Nilimwonyesha kadi yake, nikapitisha uzi mwekundu mbele yake. Tundu lilikuwa pale pale.

Nimalizie na jambo ambalo sikumwambia Neema, na Daktari sikumwambia. Katika kupapasa kule, na katika droo zilizobaki ambazo nilimalizia na Mama Elifuraha, tulipata kadi kumi na tisa zenye tundu lisilo na uzi. Kumi na nane tulijua ni za nani. Ya kumi na tisa ilikuwa mojawapo ya zile nilizozifuta kwa raba. Niliishika dirishani nikaiinamisha kwenye mwanga, Mama Elifuraha akaishika, tukapaka masizi ya chungu kwa kidole tukitumaini alama ya penseli itajitokeza. Ilijitokeza herufi ya kwanza, M, na nusu ya kitu kinachoweza kuwa A au E. Kadi mpya zenye uzi zilikuwa kumi na nane tu; uzi wa kumi na tisa niliudondosha wapi? Sikumbuki. Nilikuwa nafanya haraka, na nilikuwa nafurahia kazi.

Kwa miaka mitano, kila mtu wa M aliyekuja dirishani nilimuuliza kama sindano imewahi kumdhuru. Wengi walisema hapana. Wengine walisema hawajui. Nilipoondoka Babati, kadi ile nilimwachia Mama Elifuraha, naye akaiweka mbele kabisa ya droo ya kwanza, haina jina, ina uzi.